Kigoda na Anayekikalia

(Hotuba iliyosomwa bwaloni na mmoja wa wanafunzi wa zamani siku ya mkutano wetu wa mwaka, mbele ya wanachama, walimu na wanafunzi. Tunaichapa kama ilivyosomwa.)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu, ndugu zangu tuliokula ugali pamoja katika bwalo hili, na nyinyi vijana mnaoula hivi sasa:

Kwanza nashukuru kwa kualikwa. Katibu wetu aliponiandikia alinitaka niseme habari za Ghana, kwa kuwa anajua niliishi huko miaka mitatu, akaongeza kwamba nisizidishe nusu saa maana baada yangu kuna mpira. Nitajitahidi. Habari za Ghana ni nyingi, nami nimechagua moja tu, nayo ni utawala wa machifu wa Waakan. Nimeichagua kwa sababu nina deni la jambo hilo katika bwalo hili hili.

Baadhi yenu mtaukumbuka mdahalo wa mwaka 1976. Hoja ilisema kwamba machifu hawana nafasi katika taifa huru. Nilikuwa kidato cha tatu, nami nilikuwa msemaji wa kwanza wa upande ulioiunga mkono hoja. Nikasema uchifu ni ukabaila, ni mrija wa unyonyaji, na kwamba chifu ni mtu aliyezaliwa ameshiba. Nilishangiliwa sana, na hoja ikapita kwa kura nyingi. Ndugu aliyenipinga siku ile yuko hapa, ameketi mstari wa pili, na naona ameanza kutabasamu. Usifurahi mapema, ndugu yangu. Sikuja kusema kwamba ulistahili kushinda. Nimekuja kusema kwamba sote wawili tulibishana juu ya kitu tusichokijua vizuri.

Nilichokijua mimi nilikipata kwa babu yangu mzaa mama. Alikuwa mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji chini ya mtemi, huko Usukumani wakati wa Mwingereza. Kazi yake ilikuwa kuandika watu wa kodi, kuhimiza matuta, na kupeleka amri ya kupunguza ng'ombe kwa watu wasiotaka kabisa kuisikia. Amri ilitoka kwa Bwana Shauri, ikapita kwa mtemi, ikafika kwa babu, na aliyetukanwa ni babu. Mwaka 1958 watu wa Geita walipoandamana mpaka Mwanza kupinga mambo ya serikali, babu hakulala nyumbani kwake. Na mwaka 1963, serikali yetu huru ilipoifuta sheria ya machifu, kijijini kwetu watu walicheza ngoma. Mama alinisimulia kwamba babu alifunga mlango akakaa ndani siku mbili, na ngoma ilikuwa ikilia nje.

Huo ndio uchifu niliokuja nao shuleni, na huo ndio niliousemea. Miaka kumi baada ya mdahalo, mwaka 1986, nilipata nafasi ya kusoma katika chuo kikuu cha sayansi na ufundi kilichoko Kumasi, mji mkuu wa Waasante. (Nanyi vijana msicheke, jina lao halihusiani na asante yetu, ijapokuwa wiki ya kwanza nilidhani mji mzima unanishukuru.) Waasante ni kundi moja tu la Waakan. Wako pia Wafante wa pwani, Waakyem, Waakuapem, Wakwahu, Wabono, Wadenkyira na wengineo, na jumla yao ni karibu nusu ya watu wote wa Ghana. Ndugu zao, kama Wabaule, wako Ivory Coast.

Sasa tuje kwenye kigoda. Sisi tukisema mfalme tunafikiri taji. Waakan wanafikiri kigoda cha mti, kilichochongwa kwa gogo moja, chenye kikalio kilichopinda kama mwezi mchanga. Chifu, ambaye wao humwita ohene, akipewa cheo husemwa amewekwa kigodani, na akinyang'anywa husemwa ameondolewa kigodani. Hata ardhi ya watu wote huitwa ardhi ya kigoda. Angalieni vizuri: haiitwi ardhi ya chifu. Akifa chifu aliyetawala vizuri, kigoda chake cha binafsi hutiwa weusi, kikawekwa pamoja na vigoda vya waliomtangulia katika nyumba maalumu, na huko ndiko tambiko hufanywa kila baada ya siku 42, siku ya Adae. Aliyefukuzwa kwa aibu hapati heshima hiyo. Jina lake hutajwa katika historia, lakini kigoda chake hakimo katika ile nyumba.

Juu ya vigoda vyote vya Waasante kuna Kigoda cha Dhahabu, Sika Dwa Kofi, maana yake kigoda cha dhahabu cha Ijumaa. Mapokeo yao yanasema kwamba mwishoni mwa karne ya 17, Osei Tutu alipokuwa akiziunganisha koo na miji ili waupinge utawala wa Denkyira, kuhani wake Okomfo Anokye alikiteremsha kutoka mbinguni kikatua juu ya magoti ya Osei Tutu. Wakaambiwa kwamba roho ya taifa zima imo ndani yake. Waliwashinda Wadenkyira huko Feyiase mwaka 1701. Wapo watakaosema hadithi ya mbinguni ni ngano. Na iwe hivyo. Lakini tazameni ngano hiyo inafanya kazi gani: kigoda hicho hakiguswi na ardhi, na hakuna mtu anayekikalia, hata Asantehene mwenyewe. Mfalme ana kitu kilicho juu yake ambacho hawezi kukikalia.

Nitaeleza sasa mtu anavyofika kigodani, kwa kuwa katika mdahalo nilisema chifu huzaliwa. Si kweli, au ni nusu ya kweli. Waakan huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto wa chifu si wa ukoo wa baba yake, kwa hiyo hawezi kukirithi kigoda hicho. Anayeweza ni nduguye chifu wa tumbo moja, au mtoto wa dada yake, au mwingine yeyote aliyetokana na mama wa ukoo ule. Basi wanaostahili ni wengi, na lazima mmoja achaguliwe. Anayetoa jina ni mwanamke, ohemaa, ambaye Waingereza walimwita malkia mama, ijapokuwa mara nyingi si mama yake chifu bali ni dada, au shangazi, au mwanamke mwingine wa ukoo. Naye ana kigoda chake mwenyewe. Jina hilo hupelekwa kwa wazee wenye mamlaka ya kumweka chifu, nao wana haki ya kulikataa. Wakilikataa, ohemaa hutafuta jina la pili, na hata la tatu. Watu wa kawaida nao hawakai kimya, hasa vijana. Kwa Wafante kuna vikosi vya asafo, vyenye bendera zao na ngoma zao, na kikosi kikinuna chifu hapati usingizi.

Siku ya kuwekwa, msemaji wa baraza, aitwaye okyeame, humsomea chifu mpya masharti mbele ya watu wote. Kwa ufupi, huambiwa kwamba hawataki mtu mwenye tamaa. Hawataki awatukane watu, wala atoboe siri za asili ya mtu. Hawataki awe na masikio magumu, wala aamue jambo peke yake bila wazee, wala amwambie mtu aliyemjia na shida kwamba hana nafasi. Kwa kila sharti chifu huitikia kwamba amesikia. Kisha huapa. Hilo sharti la kutosema huna nafasi nimelifikiria sana kila nilipokuwa nikisubiri kwenye benchi la ofisi fulani fulani, lakini tuliache hilo.

Na akivunja kiapo? Hapa ndipo nilipopata funzo langu, nami nitakaa kidogo.

Mwaka wangu wa pili, rafiki niliyeishi naye chumba kimoja alinichukua kwenda kijijini kwao, mwendo wa saa mbili kwa basi kutoka Kumasi. Tulikwenda kwa ajili ya mazishi, lakini tulikuta pia shauri. Mkuu wa kile kijiji, odikro, alikuwa amempa mgeni sehemu ya ardhi ya kigoda akapokea fedha bila kuwaambia wazee. Basi asubuhi watu walikusanyika chini ya mti. Odikro aliketi, viatu miguuni, mwavuli juu yake. Kila mtu alipotaka kusema hakumwambia yeye moja kwa moja. Alimwambia okyeame, na okyeame aliyarudia maneno kwa ufasaha zaidi. Mwanzoni niliona ni kupoteza wakati. Baadaye nikaelewa. Kijana mmoja, wala hakunizidi umri, alisimama akiwa na hasira nyingi, akasema kwamba odikro amekula mali ya watoto ambao hawajazaliwa. Maneno hayo yalipopita kinywani mwa okyeame yalikuwa bado ni yale yale, ila matusi yalikuwa yamechujwa. Kijana hakukamatwa na odikro hakuvunjiwa heshima, lakini shtaka lilibaki palepale.

Nilikuwa nikingoja odikro ainuke kwa ghadhabu, kama nilivyosimuliwa watemi wetu walivyokuwa wakiinuka. Hakuinuka. Aliinamisha kichwa, naye akajibu kupitia kwa okyeame. Ikaamuliwa arudishe fedha, atoe kondoo na chupa za kinywaji za kuwapoza wazee na mababu. Rafiki yangu aliniambia kwamba kama angekataa, hatua iliyofuata ilikuwa kumvua viatu. Nikadhani ni mzaha. Si mzaha hata kidogo. Chifu wa Kiakan haruhusiwi kukanyaga ardhi kwa nyayo tupu. Akivuliwa viatu mbele ya watu, basi ameondoka kigodani. Kesho yake atakuwa mwananchi kama wewe.

Usiku ule sikulala upesi. Nilimfikiria babu. Nilijiuliza, je, watu wa kijijini kwetu wangeweza kumvua babu viatu? Zamani sana, labda. Usukumani nako kulikuwa na baraza la wanang'oma lililomchagua mtemi, na watemi waliwahi kuondolewa na baraza hilo. Lakini baada ya Gavana Cameron kuleta sheria yake ya mwaka 1926, mtemi alikuwa akipokea mshahara wa serikali, na aliyekuwa na uwezo wa kumwondoa ni serikali. Wanang'oma wakabaki na ngoma tu. Kwa hiyo wananchi walipomchoka mtemi au mwanangwa hawakuwa na mahali pa kumshtaki, ila kungoja siku ya kucheza ngoma nje ya mlango wake.

Msidhani kwamba kuwaondoa wakubwa ni jambo la vijijini tu. Mwaka 1874 jeshi la Waingereza chini ya Wolseley liliingia Kumasi, likapora jumba la mfalme na kuuteketeza mji kwa moto, kisha likadai fidia ya wakia 50,000 za dhahabu. Asantehene wa wakati huo, Kofi Karikari, alikuwa ameshindwa vita, na watu walikuwa wamelivumilia hilo. Wasichokivumilia ni kugundua kwamba ametoa dhahabu katika makaburi ya wafalme huko Bantama. Aliondolewa kigodani mwaka ule ule. Na ohemaa wa wakati huo, Afua Kobi, alikuwa mama yake mzazi, naye hakumtetea. Aliyefuata kigodani alikuwa mwanawe mwingine, Mensa Bonsu, na huyo naye aliondolewa mwaka 1883 kwa ukali na tamaa. Ndugu zangu, mama mmoja kuona wanawe wawili wakiondolewa! Sisi husema mkubwa ni jaa. Kwa Waasante jaa hilo lina mlinzi anayetazama linalotupwa.

Mwaka 1896 Waingereza walimkamata Asantehene Prempeh wa Kwanza, pamoja na mama yake Yaa Akyaa aliyekuwa ohemaa, bila vita. Miaka minne baadaye, tarehe 28 Machi 1900, Gavana Hodgson alikuja Kumasi, akawakusanya machifu, akauliza Kigoda cha Dhahabu kiko wapi, na kwa nini hakuletewa akikalie yeye kama mwakilishi wa Malkia. Kiti ambacho mfalme wao mwenyewe hakikalii! Baada ya siku chache vita vilianza, vikiongozwa na Yaa Asantewaa, ohemaa wa Ejisu, na gavana alijikuta amezingirwa ndani ya ngome ya Kumasi. Mwishowe Waasante walishindwa kwa silaha. Kigoda hakikupatikana.

Hapo historia yao inakuja mlangoni petu. Prempeh na mama yake, na baadaye Yaa Asantewaa, walipelekwa visiwa vya Shelisheli, katika bahari yetu hii ya Hindi. Huko Mahé Prempeh alikuwa pamoja na wafungwa wengine wawili wenye vyeo kama chake: Kabaka Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro. Mwanga alikufa huko mwaka 1903. Kabalega aliruhusiwa kurudi mwaka 1923, akafia njiani, Jinja. Yaa Akyaa alikufa mwaka 1917, Yaa Asantewaa mwaka 1921. Prempeh alirudi Kumasi mwaka 1924, mtu mzima aliyejifunza kusoma na kuandika uhamishoni. Waingereza wakamtambua kama chifu wa Kumasi tu, si Asantehene. Watu wake walimwita Asantehene. Mwaka 1935, chini ya mrithi wake Prempeh wa Pili, serikali ilikubali kuurudisha umoja wa Waasante.

Ninachotaka mkione ni hiki. Katika miaka ile ambayo mfalme hayupo, Waingereza walijaribu kuweka vigodani watu waliowasaidia katika vita. Watu wengi wa Asante waliwakataa machifu hao, wakawashtaki, na hata wakawaondoa baadhi yao. Na kule pwani, mwaka 1897, machifu na wasomi wa Cape Coast waliunda chama cha kulinda haki za wenyeji, wakatuma wajumbe mpaka London kuupinga muswada wa ardhi, na muswada ukaondolewa. Serikali ya kikoloni ilijitahidi kumfanya chifu awe karani wake, na mara nyingine ilifaulu. Lakini ule uzi wa kutoka kwa watu kwenda kwa chifu haukukatika wote.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1957, uzi huo nusura ukatwe na Waghana wenyewe. Nkrumah aligombana na machifu wengi, hasa wa Asante na wa Akyem, waliokuwa wamekiunga mkono chama kilichompinga. Nilimpenda Nkrumah tangu utoto, na picha yake ilikuwa ukutani bwenini kwetu. Hata hivyo lazima niseme kweli: sheria ya mwaka 1959 iliipa serikali uwezo wa kumtambua chifu au kuacha kumtambua, na baada ya hapo machifu walipandishwa na kushushwa kwa sababu za chama. Chifu akawa anatazama Accra kabla ya kuwatazama watu wake. Ni ule ule ugonjwa wa babu yangu, isipokuwa safari hii daktari alikuwa mwenzetu.

Katiba ya Ghana ya mwaka 1992 ililiona hilo. Inaulinda uchifu, na inalikataza Bunge kutunga sheria ya kumpa mtu uwezo wa kumtambua chifu au kumnyima utambuzi. Kwa upande wa pili, chifu haruhusiwi kushiriki siasa za vyama. Akitaka ubunge, kwanza aache kigoda. Ugomvi wa vigoda huamuliwa na mabaraza ya machifu, lile la taifa likiwa Kumasi, na rufani huweza kufika Mahakama Kuu Kabisa. Mapato ya ardhi ya kigoda hukusanywa na ofisi ya serikali, ambayo huchukua asilimia 10 kwa gharama zake. Katika kinachobaki, asilimia 25 ni ya kigoda, 20 ya baraza la jadi, na 55 ya halmashauri ya wilaya.

Sitaki mfikiri kwamba nimerudi kutoka huko nikiwa shabiki. Waasante wa zamani walikamata na kuuza watumwa, na mfalme alipokufa walikuwapo watu waliouawa ili wamfuate. Okyeame hakuwa na la kuchuja hapo. Na siku hizi kuna mashauri ya vigoda yanayodumu miaka mingi, kwa sababu kanuni ile ile inayowapa wengi haki ya kuchaguliwa huwapa wengi sababu ya kugombana. Kuna machifu wanaogawa kiwanja kimoja kwa watu wawili. Kuna uchimbaji haramu wa dhahabu, wenyewe huuita galamsey, uliochafua mito mikubwa kama Pra na Birim mpaka maji yakawa rangi ya udongo, na baadhi ya machifu wamelaumiwa kwa kupokea fedha na kufumba macho. Ardhi ilipokuwa ya kulima, odikro aliweza kuila kidogo kidogo, na kijiji kikamwona. Dhahabu inaweza kuliwa usiku mmoja. Asantehene wa sasa, Otumfuo Osei Tutu wa Pili, aliyewekwa mwaka 1999, amewaondoa vigodani machifu wadogo kwa makosa ya ardhi. Hata hivyo, siamini kwamba kondoo na chupa za kinywaji zinatosha kumpoza mtu aliyekosa maji ya kunywa.

Lakini mtu huyo huyo, pamoja na machifu wengine wawili wa kaskazini, alipewa kazi ya kuwapatanisha Wadagomba baada ya mfalme wao kuuawa mwaka 2002. Wadagomba si Waakan, nao hukalia ngozi badala ya kigoda. Serikali ilipita moja na ya pili, na jambo halikwisha. Machifu wale watatu waliketi na pande zote mbili kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, mpaka Ya-Na mpya akawekwa Januari 2019. Ni nani mwingine angekuwa na nafasi ya kukaa miaka hiyo yote?

Na mwaka 2024, miaka 150 baada ya Wolseley, baadhi ya vitu vilivyoporwa Kumasi vilirudi. Jumba moja la makumbusho la Los Angeles lilirudisha vitu saba moja kwa moja. Makumbusho mawili makubwa ya London yalileta vitu 32 kwenye jumba la Manhyia, kwa mkopo. Naam, kwa mkopo. Nilipokuwa nikisoma habari hiyo mke wangu aliniuliza ninacheka nini.

Ndugu Mwenyekiti, naona unatazama saa. Niseme neno moja juu ya mdahalo wetu. Kama hoja ile ingeletwa tena leo, ningeiomba ibadilishwe maneno. Nisingeuliza kama machifu wana nafasi katika taifa huru. Ningeuliza ni nani anayeweza kumvua mkubwa viatu. Swali hilo lingewahusu watemi, na mabwana shauri, na wenyeviti wa vijiji, na makatibu, na nyinyi viranja mlioketi mbele hapo mkiwa mmekunja mikono. Enzi zetu kiranja aliteuliwa na walimu na kuondolewa na walimu, nasi wengine kazi yetu ilikuwa kumwogopa. Nimeambiwa siku hizi mnapiga kura. Je, mnaweza kumwondoa pia? Sijasikia jibu, ila nimesikia minong'ono upande wa kidato cha pili.

Babu yangu alikufa mwaka 1981, kabla sijaenda Kumasi. Kwa hiyo sikupata kumwambia kwamba ngoma ile haikuwa yake peke yake, na kwamba baadhi yake ilikuwa ya waliomtuma.

Mwisho, nimeleta zawadi ndogo kwa maktaba ya shule. Ni kigoda cha mti wa sese, nilichokinunua kwa wachongaji wa Ahwiaa, kijiji kilicho jirani na Kumasi. Si cha chifu, ni cha mtu wa kawaida kukalia nyumbani kwake, na kimekaa nyumbani kwangu zaidi ya miaka thelathini. Nimemwomba Mwalimu Mkuu kiwekwe chumba cha kusomea, nanyi mnaruhusiwa kukikalia. Ila ukiinuka, kilaze ubavu. Wenyewe hufanya hivyo kila mara, wakisema kigoda kisicho na mtu kikiachwa wima, roho yoyote inayopita huweza kukikalia.